Visikizi vinavyoziba masikio: kwa nini besi inapotea na nyayo zangu zinasikika kichwani?

Mpenzi wa Kanuni (mleta mada):

Salamu kwenu ndugu wanajukwaa. Hivi karibuni nilinunua visikizi vya waya vya aina ile inayoingia ndani ya tundu la sikio na kuzuia kelele za nje, kwa kuwa kila asubuhi napanda daladala kutoka Mbagala kwenda Posta, na nilikuwa nimechoka kupandisha sauti ya simu hadi mwisho ili taarabu isikike katikati ya injini, konda na redio ya dereva. Nikiwa nyumbani usiku, vimenipa raha ambayo sikuitarajia. Rekodi za Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, vikundi vya taarabu vya Zanzibar, ambazo nilidhani nazijua, sasa nazisikia kwa ndani: zile ndimi ndogo ambazo mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi) huzifunga kwa pete kwenye vidole vya shahada zinagusa nyuzi kwa mkwaruzo mwembamba kabla mlio haujatoka, na besi ile kubwa ya kusimama inatembea chini ya fidla bila kumezwa nazo.

Nikiingia barabarani, hata hivyo, mambo hubadilika. Besi hutoweka ghafla, sauti ya mwimbaji hubaki nyembamba, na nikitembea kila hatua hugonga kichwani kama ngoma. Waya nao ukigusa shati, nausikia kuliko ngoma ya dumbaki. Je, hivi vina hitilafu, au ndivyo vilivyo vyote? Aidha, kuziba sikio namna hii kila siku hakuna madhara?

Fundi wa Kariakoo:

Ndugu mleta mada, kwa maelezo yako sioni hitilafu. Besi katika visikizi vya namna hii hutegemea hewa iliyofungiwa kati ya kisikizi na ngoma ya sikio. Ikipata upenyo hata mdogo, mawimbi mazito huvuja na kukuachia mlio mwembamba. Ukiwa umekaa kitandani kisikizi kinatulia, lakini ukitafuna, ukizungumza au ukitikiswa na gari, taya husogeza tundu la sikio na mpira wa ncha ya kisikizi huachia. Angalia vimpira vya akiba vilivyomo kwenye boksi, kwani kwa kawaida huja vya ukubwa tofauti, na usishangae sikio la kulia likihitaji kipimo tofauti na la kushoto. Wateja wengi hutumia vile vilivyopachikwa kiwandani na hawavigusi tena, kisha hurudi dukani wakilalamikia spika.

Namna ya kuvaa nayo ina uzito wake. Pitisha mkono juu ya kichwa, vuta sikio la upande wa pili juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ndipo uingize. Kama ni vya sponji, viviringe kwanza kwa vidole hadi viwe vyembamba, viingize haraka, kisha vishikilie kwa muda mpaka vitanuke na kujaza nafasi. Waya upitishe juu na nyuma ya sikio, si kuuacha uning'inie moja kwa moja, na msuguano wa shati utapungua sana.

Nyayo ni suala jingine. Mtikisiko wa mwili hupita kwenye mifupa hadi kwenye kuta za tundu la sikio, na kwa kawaida hutoka nje bila wewe kuutambua; ukiziba mlango, unabaki ndani. Kisikizi kinachoingia kina kirefu zaidi hupunguza tatizo hilo, ingawa si kila mtu anayestahimili. Kampuni ya Etymotic ya Marekani, iliyoanza kuuza visikizi vyake vya ER-4 mwaka 1991, ilivipa vimpira vyenye ngazi tatu kwa ajili ya kina hicho, na wapo wanaovipenda mno na wasiovitaka hata kuviona.

Mpiga Udi wa Unguja:

Nakubaliana na Fundi isipokuwa kwenye sponji. Huziba vizuri kuliko silikoni, ni kweli, lakini kwangu mimi hufifisha kidogo milio ya juu, na katika taarabu huko juu ndiko kuliko na pumzi ya nai, ile filimbi, na ncha ya kanuni. Mimi hutumia sponji nikiwa kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam na silikoni nikiwa nyumbani.

Niongeze pia kwamba mpira wowote huzuia sauti za watu na honi kwa urahisi zaidi kuliko muungurumo mzito wa injini. Visikizi vyenye maikrofoni, vinavyotengeneza wimbi la kupingana na kelele, ndivyo hufanya vizuri kwa muungurumo usiobadilika, lakini konda anayepiga kelele ghafla huvipita. Kwa daladala, kama fedha ni ya kimoja tu, ningechagua kuziba vizuri.

Usitarajie miujiza kwa rekodi kongwe. Sahani za santuri alizorekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kule Bombay mwaka 1928 zitakuonyesha mikwaruzo yote pamoja na sauti yake, na hapo spika ndogo ya mezani huwa na huruma zaidi.

Muuguzi wa Masikio:

Kuhusu madhara, kinachoumiza ni ukubwa wa sauti na muda, si kuziba kwenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, kiasi kwamba kwenye desibeli 90 hubaki takriban saa 4 tu kwa wiki nzima. Hapo ndipo visikizi vinavyoziba vina faida ya kweli: kelele ikibaki nje, huna sababu ya kushindana nayo. Weka sauti ukiwa mahali patulivu, kisha uzuie mkono wako usiipandishe garini. Ila ukishuka Posta, toa angalau kimoja kabla ya kuvuka barabara, kwa sababu bodaboda hutaisikia.

Mpenzi wa Kanuni (mleta mada):

Nawashukuru nyote. Nimebadilisha vimpira, na kweli sikio la kushoto limehitaji kikubwa zaidi. Besi sasa haikatiki hata gari likipita kwenye mashimo, na sauti nimeishusha hadi karibu nusu. Nyayo bado zipo, lakini kwa kuwa hutembea kidogo tu nitazivumilia. Swali la mwisho: nta ya sikio imeanza kuonekana kwenye wavu wa kisikizi. Nisafishe kwa kitu gani?

Muuguzi wa Masikio:

Vua vimpira, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Wavu upanguse kwa kitambaa kikavu huku umeuelekeza chini ili uchafu usizame ndani. Sikio lenyewe usilichokoe kwa vijiti vya pamba, kwani husukuma nta mbele, na visikizi navyo tayari vinafanya hivyo. Ukihisi sikio limejaa au linauma, pumzika kuvivaa na uende ukaangaliwe.