Mjadala: Je, ukaguzi wa abiria wa ndege za kimataifa umepita kiasi?

Mleta mada, Kisumu

Mwaka uliopita nilimsindikiza mama mkwe wangu hadi uwanja wa ndege wa Kisumu, akiwa safarini kwenda Manchester kumtazama binti yake aliyejifungua. Katika mkoba wa mkononi alikuwa na chupa ya nusu lita ya asali ya Baringo na kopo la siagi ya njugu aliyoisaga mwenyewe, kwa kuwa hakutaka vimwagikie nguo za mtoto zilizokuwa ndani ya sanduku. Hapa Kisumu mkoba huo ulikaguliwa mara tatu na kila mara ukapita. Alipofika mahali pa kubadilisha ndege na kuingia upande wa safari za kimataifa, vitu vyote viwili vilitiwa katika pipa la taka mbele ya macho yake. Kufikia alipopanda ndege ya mwisho katika mji mmoja wa Ghuba, alikuwa amekaguliwa mara sita, akavuliwa viatu mara mbili na kupapaswa mara moja.

Sisemi ukaguzi uondolewe. Ninachouliza ni kwamba asali iliyokuwa salama juu ya bonde la Nyando iligeukaje kuwa hatari juu ya jangwa la Uarabuni? Na kama wakaguzi watano wa kwanza walifanya kazi yao ipasavyo, wa sita alikuwa akitafuta nini? Maoni yangu ni kwamba kanuni hizi zimepita kiasi, na sababu si ukali wake, bali ni kwamba zinaongezwa kila baada ya tukio na ni nadra sana kupunguzwa. Karibuni tujadiliane kwa heshima.

Mchangiaji wa Njoro, Nakuru

Mwalimu, pole kwa mama. Mimi nilifanya kazi ya usalama katika uwanja wa ndege kwa miaka 12 kabla ya kurudi nyumbani kufuga ng'ombe, na pipa hilo la taka nalifahamu vizuri. Nimetupa asali, samli, hata vibuyu vya mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, na hakuna hata siku moja niliyofurahia. Mursik humpokea mwanariadha anaporudi na medali, lakini haiwezi kumsindikiza anapoondoka isipokuwa ndani ya sanduku.

Hata hivyo, ni vyema tukumbuke kila kanuni ilizaliwa na nini. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamevunja njama ya kulipua ndege kadhaa zilizokuwa ziruke kutoka London kuelekea Amerika Kaskazini. Wahusika walikusudia kuingia na vilipuzi vya majimaji ndani ya chupa za kawaida za vinywaji, kisha waviunganishe wakiwa angani. Mitambo ya wakati ule iliona umbo la chupa tu, wala haikuweza kutofautisha soda na kemikali. Ndiyo maana kikawekwa kipimo cha mililita 100 kwa kila chupa, na zote zitoshee katika mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani. Asali na siagi ya njugu ziliingizwa humo kwa sababu mashine haikuweza kuzitofautisha na vitu vingine vyenye uzito kama wake. Dawa na maziwa ya mtoto mchanga viliachiwa nafasi, ingawa mkaguzi anaweza kuvipima kwanza. Aliyemwachia mama asali yake huko Kisumu hakuwa mzembe, kwa maana kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya safari za kimataifa.

Viatu navyo vina kisa chake. Tarehe 22 Desemba 2001 Richard Reid alijaribu kuwasha kilipuzi kilichofichwa ndani ya viatu vyake katika ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami. Siku ya Krismasi mwaka 2009 Umar Farouk Abdulmutallab alificha chake ndani ya chupi katika ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit, na baada ya hapo mashine za kupiga picha mwili mzima zikaenea haraka. Sisi Wakenya hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na watu wa mbali. Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya abiria iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa, yakaikosa.

Kuhusu kukaguliwa mara sita, jibu ni fupi: uwanja mmoja hauuamini mwingine. Ndege ya mwisho ndiyo itakayoanguka, na nchi inayoiruhusu iruke ndiyo itakayoulizwa.

Mchangiaji wa Kakamega

Naomba nichangie kuhusu jambo ambalo wazee wangu wawili wamelipita haraka, nalo ni heshima. Mama yangu ana chuma gotini tangu alipofanyiwa upasuaji, na kila anaposafiri lango hulia. Mkaguzi wa kike humpeleka kando, na hilo ni sawa. Kisicho sawa ni kuambiwa avue kitambaa cha kichwa mbele ya foleni ya vijana ilhali chumba cha faragha kipo hatua chache tu kutoka pale. Hakuna kanuni inayomlazimisha mkaguzi kumkagua mama mzee hadharani. Hayo ni mazoea tu, na hayahitaji kikao cha mataifa ili yabadilishwe.

Mleta mada, Kisumu

Nakushukuru, Mzee wa Njoro, kwa maelezo yenye uzito. Lakini hapo uliposema kwamba uwanja mmoja hauuamini mwingine ndipo penye kiini cha hoja yangu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekubaliana kwamba abiria aliyekaguliwa katika nchi mwanachama hakaguliwi tena anapobadilisha ndege katika nyingine. Kwa hiyo kuaminiana kunawezekana, ila sisi hatumo. Anayetoka Kisumu hulipa kwa muda wake na kwa asali yake kile ambacho anayetoka Lisbon hakilipi.

Halafu tazama jinsi kanuni hizi zinavyozeeka. Marekani iliacha kuwavua viatu abiria wote Julai 2025, karibu miaka 24 baada ya kisa cha Reid. Mwaka huohuo uwanja wa Edinburgh uliruhusu chupa za hadi lita 2 katika mkoba wa mkononi, kwa sababu umeweka mitambo mipya inayoupiga mzigo picha kutoka pande zote na kupima uzito wa kilichomo. Mitambo hiyo ni ghali, na nchi zisizo na uwezo zitaendelea kutupa asali kwa miaka mingi. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya udhaifu wa mashine sasa inawabana zaidi wale ambao nchi zao haziwezi kununua mashine bora.

Tena, wingi wa ukaguzi si ubora wake. Mwaka 2015 ilifichuka nchini Marekani kwamba wapelelezi wa serikali waliojifanya abiria walifaulu kupitisha silaha na vilipuzi vya bandia mara 67 kati ya majaribio 70. Hao ndio wenye fedha na mitambo.

Na kuna kisa cha jirani zetu. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo iliyotoka Mogadishu kwenda Djibouti ilitobolewa ubavu na bomu lililofichwa ndani ya kompyuta ya mkononi. Aliyelibeba alivutwa nje kupitia tundu hilo, na ndege ikafaulu kurudi kwa kuwa ilikuwa haijapanda juu sana. Picha za kamera za uwanja zilionyesha abiria huyo akikabidhiwa kompyuta na wafanyakazi wa mle mle ndani. Sasa niambie, Mzee, kumvua mama mkwe wangu viatu mara mbili kungelizuia vipi bomu lililoletwa na mwenye kitambulisho cha kazi?

Mchangiaji wa Njoro, Nakuru

Kisa cha Mogadishu ulichokitaja ndicho kilichokuwa kikininyima usingizi nilipokuwa kazini, wala sitakupinga hapo. Nitaongeza tu kwamba bila mlango wa abiria kulindwa vizuri, wale watu hawangehitaji kumtafuta mtu wa ndani. Kwamba walilazimika kumtafuta ni ishara kwamba lango la mbele lilikuwa gumu kwao. Kuhusu heshima, binti yetu wa Kakamega amesema kweli, na nakiri kwamba chumba cha faragha tulikitumia mara chache kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na msimamizi alikuwa akitazama saa.

Mchangiaji wa Kakamega

Mzee, niruhusu nikuulize kwa adabu. Katika miaka hiyo 12, wafanyakazi wenzenu, yaani wapishi, wafagiaji, wapakia mizigo na mafundi, nao walikuwa wakikaguliwa kama sisi?

Mchangiaji wa Njoro, Nakuru

Walikaguliwa, binti yangu. Kanuni ilitaka hivyo na tulitia saini kitabu kila zamu. Lakini abiria nilimtazama kama mgeni nisiyemjua, ilhali mwenzangu nilimuuliza habari za watoto wake huku mkoba wake ukipita kwenye mashine, na macho yangu yakiwa kwake badala ya kwenye picha.