Bunge la Sudan Kusini: lisaidiwe sasa au lisubiri uchaguzi?

Mleta mada, Nyamagana, Mwanza

Je, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yetu ikiwemo, zilipatie Bunge la Sudan Kusini watumishi na vitendea kazi hivi sasa, au zisubiri hadi wananchi wa nchi hiyo wawachague wabunge wao wenyewe? Najua kuna ndugu watakaoona kwamba jambo hili liko mbali na Mwanza, lakini anayefungasha dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba kwa ajili ya soko la Juba, mji mkuu wa nchi hiyo, hawezi kuliona hivyo. Msimamo wangu ni kwamba Bunge lile lisaidiwe sasa, kwa sharti kwamba msaada usipite mikononi mwa wabunge.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Desemba 2013, na tangu iwe taifa huru haijafanya uchaguzi mkuu. Ule uliopangwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Bunge lililopo ni zao la mkataba wa amani wa Septemba 2018. Lina wabunge 550, waliopendekezwa na pande zilizotia saini, wakateuliwa na Rais Salva Kiir Mei 2021 na kuapishwa Agosti mwaka huohuo. Wakati wa uhuru viti vilikuwa 332. Mkataba wa 2015 ukavifikisha 400, na huu wa 2018 ukavifikisha 550. Tanzania, ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu zaidi ya milioni 61, ilikuwa na Bunge la wabunge wasiofika 400 kati ya 2020 na 2025. Viti vya Juba viliongezeka kwa sababu kiti ndicho kilichotumika kuwaridhisha wenye silaha, na katika mgawanyo huo mtafiti wa kamati, mkutubi na mwandishi wa taarifa rasmi za Bunge hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Madhara ya upungufu huo huonekana zaidi katika vyumba vya kamati kuliko ukumbini. Mwaka wa fedha wa nchi hiyo huanza Julai, lakini bajeti imekuwa ikifika bungeni kwa kuchelewa, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya mwaka kuanza, ambapo fedha zimekwisha kuanza kutumika. Mjumbe wa kamati anapewa kitabu cha makadirio akiwa hana mchumi wa kumchambulia wala taarifa ya karibuni ya mkaguzi ya kulinganishia, na akitaka ufafanuzi inambidi auombe kwa wizara ileile anayopaswa kuihoji. Mapato yenyewe kwa takribani sehemu tisa katika kumi hutegemea mafuta ghafi yanayosafirishwa kwa bomba kupitia Sudan. Bomba hilo lilipoharibika Februari 2024, katikati ya vita vya Sudan, hazina ilikauka na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila mishahara. Karani asiyelipwa hatuwezi kumlaumu akiacha majalada mezani na kwenda kutafuta riziki kwingine.

Sasa nieleze kwa nini linatuhusu. Mwaka 2024 Sudan Kusini iliongeza tozo za mpakani, ikiwemo ya kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki, na malori yakapanga foleni upande wa Elegu, Uganda, hata Umoja wa Mataifa ukalalamika hadharani kwamba mafuta ya shughuli zake yamekwama. Dagaa wakikaa wiki mbili ndani ya turubai msimu wa mvua huvuta unyevu, hugeuka rangi, na mnunuzi hushusha bei mbele ya macho ya mwenye mzigo. Kamati ya bunge yenye wataalamu wa biashara na kodi ingekuwa mahali pa kupeleka hoja kabla tozo haijaanza kukusanywa. Mahali hapo pasipokuwepo, malalamiko huanzia na kuishia kwa askari wa kizuizi cha barabarani.

Kwa nini nasema msaada usiwafikie wabunge mkononi? Kwa sababu mwaka 2018, katikati ya vita, wabunge walipewa dola 40,000 kila mmoja kwa ajili ya magari, jumla ikawa dola milioni 16. Mimi jambo hilo linaniumiza nikikumbuka hali ya raia wa nchi ile wakati huo, na linaonyesha kwamba fedha za Bunge zilipopatikana zilielekezwa kwa mtu badala ya kazi.

Kwamba kamati yenye nyaraka ina nguvu, tumeliona katika historia yetu wenyewe: kamati teule iliyochunguza suala la Richmond, yaani mkataba wa umeme wa dharura, ilikuwa na wajumbe watano tu, chini ya Harrison Mwakyembe, na taarifa yake ya Februari 2008 ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe iliwasilisha taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza fedha zilizobishaniwa za malipo ya umeme, ikiegemea ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kabla ya mwaka kwisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa amejiuzulu. Mara zote mbili wabunge walikuwa na nyaraka mkononi ambazo waziri hakuweza kuzipuuza.

Mchangiaji, Musoma

Mleta mada ameeleza vizuri, lakini nadhani anatibu homa na kuuacha ugonjwa. Ukata wa Bunge lile haukutokana na bomba la mafuta peke yake. Serikali inayowateua wabunge haina sababu ya kuwapa wachambuzi wa kuichambua, na mbunge anayejua kwamba jina lake lilipendekezwa na kiongozi wa kundi lake hatamkera kiongozi huyo hata ukimwekea maktaba nzima. Machi 2025 Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, kiongozi wa kundi kuu la upinzani lililotia saini mkataba wa 2018, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Hapo mtafiti wa kamati angefanya nini?

Na tusijifanye walimu. Hapa kwetu, Januari 2016, Bunge letu likiwa na watumishi, maktaba na taarifa rasmi, matangazo ya moja kwa moja ya vikao kupitia televisheni ya taifa yalisitishwa kwa maelezo kwamba gharama ni kubwa. Ofisi iliyokamilika haikumzuia mwenye uamuzi. Zaidi ya hayo, Sudan Kusini imekuwa na malimbikizo ya michango ya Jumuiya, na Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha limewahi kuahirisha shughuli kwa sababu nchi wanachama hazijalipa. Chombo cha pamoja kinachoshindwa kukaa kitawezaje kulijenga Bunge la mwanachama mmoja? Kwanza uchaguzi, ndipo mwenye ridhaa ya wananchi asaidiwe.

Mchangiaji, Kirumba

Mimi nauza dagaa na swali langu ni fupi: mtumishi atakayepelekwa Juba atalipwa na nani? Isije ikawa tozo nyingine juu ya gunia.

Mleta mada, Nyamagana, Mwanza

Nianze na ndugu wa Musoma, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote zinazoweza kutolewa dhidi yangu. Nakubaliana naye kwamba mteuliwa humwogopa aliyemteua, na kwamba hakuna mtafiti ambaye angezuia yaliyotokea Machi 2025. Tunapoachana ni kwenye neno "kwanza". Uchaguzi utaleta wabunge wapya siku moja, lakini karani anayejua kanuni za kudumu, mhasibu anayeweza kusoma makadirio ya wizara na kumbukumbu za vikao vya miaka iliyopita haviletwi na sanduku la kura. Mbunge aliyechaguliwa kwa halali akiingia katika ofisi isiyo na kumbukumbu atategemea maelezo ya wizara kama aliyemtangulia, na serikali itampitisha haraka kwenye kila muswada kabla hajajua wapi pa kushika. Miaka miwili ya mwanzo ya Bunge la kwanza lililochaguliwa ndiyo itakayoamua mengi, ikiwemo kodi na mikataba ya mafuta, kwa hiyo watumishi wa kulihudumia wanapaswa kuandaliwa kabla halijakaa.

Kuhusu matangazo ya 2016, nilihuzunika kama yeye. Hata hivyo majadiliano ya vikao vile yaliendelea kuandikwa neno kwa neno, na leo mwananchi anaweza kusoma nani alisema nini. Nataka raia wa Juba na wa Malakal, mji wa kaskazini mwa Sudan Kusini, nao wawe na haki hiyo.

Swali la Kirumba lina mfano wa kulijibu. Baada ya uhuru wa Sudan Kusini, kupitia IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, nchi za Kenya, Uganda na Ethiopia zilipeleka huko watumishi wapatao 200 kufanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Nchi zilizowatuma ziliendelea kuwalipa mishahara yao, na Norway ikachangia gharama nyingine. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi hizo. Napendekeza Dodoma, Nairobi na Kampala ziazimishe watumishi wachache wa mabunge yao kwa utaratibu huohuo, mishahara yao ikibaki palepale ilipo sasa, bila tozo kwa mfanyabiashara.

Na kwa ajili ya hofu ya ndugu wa Musoma naongeza masharti mawili: watumishi hao wawe chini ya Katibu wa Bunge, si chini ya Spika wala kundi lolote lililotia saini mkataba, na kila uchambuzi wanaouandaa kwa kamati uchapishwe kwa umma siku ileile wajumbe wanapoupokea. Uchapishaji ukizuiwa, warudishwe nyumbani. Naomba mnaopinga mseme kama sharti hilo la pili linatekelezeka Juba, maana hapo ndipo ninapopatilia shaka zaidi.