Kazini wananilipia kozi moja tu: usuluhishi, uandishi au takwimu? Nataka ujuzi ambao AI haitaufuta

Tumaini_K
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu. Fomu natakiwa niirudishe Ijumaa na mpaka sasa nimejaza jina langu tu.

Mwajiri wetu analipia kila mfanyakazi kozi moja mwaka huu. Kazi nyingi tulizokuwa tunazifanya wenyewe sasa zinafanywa na akili mnemba (AI), na wakubwa wanataka tujiendeleze kwenye mambo ambayo mtu bado anahitajika. Zipo tatu:

1. Majadiliano na usuluhishi, wiki 8
2. Kuandika na kuzungumza mbele ya watu, wiki 6
3. Takwimu na kupima ushahidi, wiki 12, ina mitihani

Ipi itanifaa kwa miaka 10 ijayo? Nimesoma makala nyingi mpaka nimechoka, kila mmoja anasema lake.

MpimaMbao
Unafanya kazi gani? Unaomba dawa bila kutaja ugonjwa.

Dada_Takwimu
Namba 3, wala usijiulize mara mbili. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard na wenzao waliwapima washauri 758 wa Boston Consulting Group, kampuni ya ushauri wa biashara. Kwenye kazi ambazo mashine inaziweza, waliopewa AI walimaliza haraka na kwa ubora zaidi. Wengine kati yao walipewa kazi moja iliyotengenezwa makusudi iishinde mashine. Hapo waliotumia AI walipata jibu sahihi kwa kiwango cha pointi 19 za asilimia chini ya wasioitumia. Hawa ni watu waliosoma, si wavivu. Walipewa jibu lililoandikwa vizuri, wakaliamini. Anayejua kuuliza "hii namba imetoka wapi" ndiye atakayebaki na kazi.

Msikilizaji
Dada, huo utafiti naufahamu, na unanisaidia mimi kuliko wewe. Ile kazi iliyowashinda ilikuwa na jedwali la hesabu lililoonekana limejitosheleza. Kilichobadilisha jibu kilikuwa kwenye maelezo ya mahojiano na watu wa ndani ya kampuni. Maana yake ukweli ulikuwa kwenye maneno ya watu. Namba 1.

Dada_Takwimu
Kusoma maelezo ya mahojiano na kuyalinganisha na jedwali ndiko kupima ushahidi kwenyewe. Soma tena jina la kozi.

Kalamu_Nyeupe
Mnaipita namba 2 kama haipo. Najua jibu lenu, kwamba mashine inaandika siku hizi. Ni kweli inaandika. Lakini mimi sijui ninachofikiri mpaka nimekiandika. Kabla sijafungua programu yoyote, naandika kwa kalamu mistari mitatu: ninachoamini, kwa nini, na kitakachonifanya nibadilishe mawazo. Ndipo naiuliza mashine. Siku nikianza na mashine, mawazo yake yanakuwa yangu kabla sijajua yangu yalikuwa yapi. Hilo nimelipima kwenye kazi yangu mwenyewe mwaka mzima.

MpimaMbao
Tumaini, bado tunakusubiri. Kazi gani, miaka mingapi, mashine inafanya nini hapo kwenu, na nani anatia sahihi mwishoni? Hilo la sahihi ndilo kubwa.

Tumaini_K
Samahani wakuu, nilikuwa njiani. Niko kitengo cha malalamiko, kampuni ya bima, mwaka wa 7 huu. Zamani tulijibu barua zote wenyewe. Sasa mashine inajibu barua ya kwanza na ya pili. Mteja asiporidhika ndipo anapigiwa simu na mmoja wetu. Sahihi ni yetu, hata kwenye zile barua za mashine.

MpimaMbao
Sasa tunaongea. Kuna utafiti wa mchumi Brynjolfsson na wenzake kuhusu wahudumu wa wateja 5,179 waliopewa AI ya kuwapendekezea majibu. Kwa wastani walitatua kesi asilimia 14 zaidi kwa saa. Wageni kazini walipanda asilimia 34. Wazoefu karibu hawakupata kitu, kwa sababu mashine ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya hao hao wazoefu. Kwa hiyo dada, yale majibu uliyoyajua kwa miaka 7, mgeni wa jana sasa anapewa bure. Unabaki na kesi ambazo hazijawahi kutokea. Jiulize ni kozi ipi inakuandaa kwa hizo.

Msikilizaji
Bima, malalamiko, mteja ameshajibiwa mara mbili na mashine, na bado tunabishana? Namba 1! Kwenye usuluhishi kitu cha kwanza kufundishwa ni kutenganisha msimamo na haja. Mtu anasema "nataka kuongea na meneja". Huo ni msimamo. Haja yake ni kupata mtu mmoja atakayelibeba jambo lake mpaka mwisho.

Nuru_wa_Simu
Dada Tumaini, nimekaa kwenye simu za malalamiko miaka 11, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho.

Mwaka mmoja tulipelekwa kozi ya siku 2 ya kumjali mteja. Tukapewa kadi tatu za kubandika pembeni ya skrini. Ya kwanza: rudia alichosema mteja. Ya pili: sema "ninaelewa unavyojisikia". Ya tatu: mshukuru kwa uvumilivu wake.

Jumatatu napokea simu ya mzee mmoja. Mkewe amefariki, dai limekataliwa mara mbili. Nikafuata kadi. Nikarudia alichosema. Nikamwambia ninaelewa unavyojisikia. Akaanza kueleza upya tangu mwanzo, nikamwambia tena. Mara ya tatu akanyamaza, mpaka nikawa nasikia saa ya ukutani nyumbani kwake. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hata ile mashine yenu imeniandikia hivyo hivyo."

Nilikosa la kusema. Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja aliyebakiza miezi michache kustaafu. Aliona uso wangu, akanyoosha mkono, nikampa hedifoni. Hakutazama kadi. Alisema, "Baba, pole sana kwa msiba. Mama alikuwa anaitwa nani?" Mzee akataja. Akamwomba amtajie herufi moja moja, huku anaandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa. Kisha akaisimamisha ile bahasha mbele ya skrini yangu. Jina kwenye cheti cha kifo lilikuwa na herufi moja zaidi ya jina lililo kwenye mkataba. Mfumo ulikuwa unalitema dai kwa sababu hiyo. Barua mbili zenye maneno matamu zilisema tu kwamba "nyaraka hazilingani". Hakuna aliyemwambia ni wapi hazilingani.

Dai lililipwa. Mimi yule mzee sikumwomba radhi, na mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo namba 1 inaweza kuwa nzuri sana au ikawa kadi tatu kwa wiki 8. Uliza kama mtakaa na watu, mrekodiwe, mkosolewe. Kama ni kusikiliza mihadhara, hapana.

Dada_Takwimu
Pole dada Nuru. Simulizi hii imenigusa kweli. Lakini ona, aliyeokoa hapo ni mtu aliyelinganisha nyaraka mbili herufi kwa herufi.

Msikilizaji
Aliyeuliza marehemu alikuwa anaitwa nani.

Dada_Takwimu
Vyote viwili, sikatai.

Bahari_Tulivu
Mimi naona mnadharau mashine. Watu wengine wanaongea nayo mambo ambayo hawawaambii ndugu zao. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa ELIZA, programu ndogo iliyokuwa inamrudishia mtu maneno yake kama swali. Katibu wake aliyekuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Kama ile iliweza, hii ya leo itashindwa kumliwaza mteja?

Nuru_wa_Simu
Kumliwaza pengine itaweza. Lakini mzee wangu hakupiga simu aliwazwe. Alipiga simu dai lake lilipwe, na alitaka mtu anayeweza kusema "kosa ni letu" na ikawa na maana.

MpimaMbao
Na hapo ndipo nilipokuwa naelekea na swali la sahihi. Mwaka 2024 baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria dhidi ya Air Canada. Bibi yake alikuwa amefariki, akaiuliza roboti ya tovuti kuhusu nauli ya msiba, roboti ikamwambia anaweza kuomba punguzo baada ya safari. Haikuwa kweli. Kampuni ilijitetea kana kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza likakataa, kampuni ikalipa. Tumaini, sahihi yako iko chini ya barua usizoziandika. Unazisoma zote kabla hazijatoka?

Tumaini_K
Kwa kweli si zote. Zinatoka nyingi mno kwa siku. Tunachukua chache tunazikagua.

Dada_Takwimu
Mnazichagua vipi hizo chache? Kwa bahati nasibu, au zile zilizo juu ya orodha? Kama ni za juu ya orodha, hamjakagua chochote. Hilo ni somo la wiki ya pili ya namba 3, nakuhakikishia.

Tumaini_K
Za juu ya orodha.

Kalamu_Nyeupe
Hofu yangu nyingine ni ujuzi kufifia. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Poland kuhusu madaktari wazoefu wanaopima utumbo mpana kwa kamera. Walikuwa wamezoea kusaidiwa na AI kuona vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Walipopima bila AI, kiwango cha wagonjwa waliogundulika na vivimbe kilikuwa asilimia 22.4, wakati kabla ya AI kuja kilikuwa asilimia 28.4. Ni miezi michache tu. Kozi haikusaidii kama ukirudi kazini huutumii huo ujuzi.

Dada_Takwimu
Huo utafiti uliangalia kabla na baada, haukuwagawa watu kwa kura. Pengine wagonjwa waliongezeka, madaktari wakachoka. Usiutegemee mno.

Kalamu_Nyeupe
Sijasema umemaliza mjadala. Nimesema unanitisha, na unapaswa kukutisha na wewe.

Bahari_Tulivu
Mashine za kuhesabia nazo zilileta kelele hizi hizi, na hesabu haikufa.

Kalamu_Nyeupe
Hesabu haikufa, lakini uliza wangapi wanaweza kukadiria jumla kichwani kabla ya kubonyeza. Anayeweza kukadiria ndiye anayegundua kidole kilipokosea.

Tumaini_K
Wakuu, asanteni sana, dada Nuru hasa. Kuna jambo sikulisema mwanzo. Msimamizi wetu anaondoka mwaka kesho na nimedokezwa kwamba huenda nikachukua nafasi yake. Watu 6. Wawili kati yao hawajawahi kujibu barua ya kwanza hata siku moja, wameanza kazi mashine ikiwa tayari.

MpimaMbao
Ungelisema hilo kwenye posti ya kwanza! Hapo swali linakuwa jingine kabisa. Hao wawili watajifunzia wapi?

Msikilizaji
Kuongoza watu 6 ni usuluhishi kila siku asubuhi. Msimamo wangu haujabadilika.

Dada_Takwimu
Atakuwa anatia sahihi kwa niaba ya watu 6 sasa. Wangu pia haujabadilika.

Nuru_wa_Simu
Hao wawili wape barua 5 kwa wiki waziandike wenyewe tangu mwanzo, kozi yoyote utakayochukua. Na mwalimu wa namba 1, amewahi kusuluhisha kesi ya kweli au anafundisha tu? Piga simu kesho asubuhi uulize, Ijumaa haiko mbali.