Fundi anataka milioni 1.8 anifungie kapasita, eti LUKU itashuka nusu. Nimpe?

Mkoboaji KHM (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Nina mashine ya kukoboa mpunga huku Kahama, inaendeshwa na mota ya fezi tatu. Kibao chake kinasoma 22 kW, 380 V, 42.5 A, cos φ 0.86. Mita ni LUKU, ya kununua tokeni kabla. Msimu huu uniti zinakwisha kama maji ya ndoo iliyotoboka, simu yangu imejaa meseji za tokeni tu. Juzi kaja fundi, kapimapima, kaniambia pawa fakta yangu mbovu, nifunge kapasita ya kVAR 20 na LUKU itashuka karibu nusu. Anataka milioni 1.8, nusu yake kabla ya kazi. Jirani yangu mwenye karakana ya kuchomelea anasema jambo hilo lipo. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Bwax
Naweka kambi hapa, ngoja wajuzi waje.

waya_mwekundu
Mkuu, usitoe hata mia. LUKU inahesabu kilovati-saa, na kapasita haipunguzi kilovati. Kinachopungua ni ampea kwenye waya.

Chukulia gunia la mpunga kwenye gari. Mchele ndio kW, umeme unaofanya kazi; pumba ndio kVAR, umeme wa sumaku ya mota; gunia zima ndilo kVA. Pawa fakta ni sehemu ya mchele ndani ya gunia zima. Waya wako ni gari, unabeba gunia zima. Ila LUKU inapima mchele peke yake. Ukiondoa pumba gari litapumua, lakini mchele unaolipia uko vilevile.

kijiwe_cha_umeme
Mfano mzuri, ila una walakini kidogo. Pumba tunazitupa, lakini umeme wa sumaku mota inauhitaji, bila huo haizunguki. Kwa umeme wetu wa hezi 50 unakwenda na kurudi kati ya mota na njia ya umeme mara 100 kila sekunde. Kapasita inakaa karibu na mota, wanapokezana hapohapo, ndiyo maana waya wa kutoka mita unapumzika.

Jirani yako hajadanganya, jambo lipo. Lipo kwa wateja wa kundi la bei la T2 kwenda juu, wale wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, ambao bili yao ina gharama ya kVA mbali na uniti. Hao kapasita inawalipa. Wewe uko kundi gani?

Mkoboaji KHM
Niko T1 mkuu. Uniti tu.

Otis wa Kisumu
Huku Kenya pia ni hivyo. Kiwanda kikubwa pawa fakta ikishuka chini ya 0.9 kinatozwa nyongeza kwenye bili ya stima, ndiyo maana utaona kabati la kapasita pale. Mwenye tokeni haimhusu.

Mama Mchele
Na vile vidude vya kuchomeka ukutani vya "kuokoa umeme" ni familia hiyohiyo. Nilikifungua kimoja kwa bisibisi: ndani kikapasita cha ukubwa wa kidole na kitaa cha kijani. Hela yangu ilinunua kitaa.

kijiwe_cha_umeme
😂 Mleta uzi, tafuta klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampea, utuletee namba tatu: ampea mashine ikikoboa, ampea mota ikizunguka tupu mkanda ukiwa umetolewa, na urefu wa kebo kutoka mita hadi kwenye mota.

Mkoboaji KHM
Nimerudi. Nimeazima klampu. Ikikoboa 24 A, tupu 15 A, fezi zote zinakaribiana. Kebo ni ya shaba, milimita 10 za mraba, urefu mita 60. Stata ya kuwashia mota ni sta-delta, inaanza taratibu kwa sta kisha inahamia delta.

kijiwe_cha_umeme
Safi sana. Mota yako ni kubwa kuliko kazi. Kwa 24 A kwenye 400 V, ukizingatia zile 15 A za tupu, nakadiria unavuta kama kW 12 tu, pawa fakta inacheza kwenye 0.72. Hapo fundi kasema kweli.

Sasa tufanye hesabu yake. Kapasita ya kVAR 7.5 ingekutosha kabisa: ampea zinashuka hadi kama 18, pawa fakta inafika 0.95. Hiyo ya kVAR 20 inapitiliza, inaigeuza pawa fakta upande wa pili na ampea zinarudi hadi 21. Anakuuzia kubwa inayofanya kazi vibaya zaidi!

Na akiba? Joto linalopotea kwenye kebo yako litashuka kutoka kama wati 190 hadi 110. Wati 80. Ukikoboa saa nane, umeokoa sehemu ya uniti moja, wakati siku nzima umekula uniti 96 hivi.

waya_mwekundu
Na akiifunga hiyo 20 moja kwa moja kwenye nyaya za mota ni hatari. Ukizima, mashine bado inazunguka kwa uzito wake, kapasita inailisha sumaku, mota inageuka jenereta na volti zinapanda. Ikiungwa mlemle kwenye mota, isizidi asilimia 90 ya kVAR ambazo mota inavuta ikiwa tupu. Kwako ni kama 9. Kwa sta-delta ndiyo usiguse kabisa: iwe na kontakta yake (swichi ya sumaku) na fyuzi zake, iingie baada ya delta kushika. Na mtu asiishike kapasita mara tu baada ya kuzima, inabaki na chaji; subiri dakika tano kisha pima kwa mita. Kuna bisibisi yangu haina ncha kwa sababu ya haraka.

Mkoboaji KHM
Sasa uniti zangu zinaliwa na nini?

Mama Mchele
Mimi nina mashine mbili Mbarali, nikujibu kama mwenzako. Raba zako, zile rola za kukobolea, zina umri gani? Raba zikiisha mpunga unarudi kukobolewa mara ya pili, na uniti zinaliwa mara ya pili. Halafu mashine inaunguruma tupu vijana wakisubiri mteja afungue gunia. Andika kwa chaki ukutani: uniti asubuhi, uniti jioni, magunia mangapi. Siku tatu tu utamjua mwizi.

Mkoboaji KHM
Mrejesho wakuu. Raba zimebaki ubapa kama kandambili kuukuu, karibu kila gunia linarudiwa. Nimeagiza mpya, chaki ipo ukutani. Fundi kapiga simu leo kuulizia advansi. Nikamuuliza hiyo kapasita itapunguza kilovati ngapi, akasema mtandao unakatakata, atanitafuta.