Tupeane uzoefu: uliyeishi au kutembelea vichochoro vya Semarang, Java, ulikutana na nini?

MtuWaTanga (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Najua humu kuna waliosoma Indonesia, kuna mabaharia waliotia nanga bandari yake ya Tanjung Emas, na kuna waliopita tu. Semarang ya Lawang Sewu, lile jengo la "milango elfu", na majengo mengine ya Waholanzi tumeshaiona kwenye picha za kila mtu. Nataka tuongelee kampung. Kule ukiwa ndani ya mji kampung ni mtaa wa vichochoro, bodaboda mbili zikikutana moja inarudi nyuma.

Naanza mimi. Nilikaa miezi kumi na minne Kampung Melayu, kando ya Kali Semarang. Kali kwao ni mto, na nilipoyaona yale maji yalivyo meusi nikasema jina limekaa mahali pake. Wenzangu wote walipanga juu Tembalang, kilimani, chuo kiliko na hewa nzuri. Mimi nimezaliwa Tanga, kilimani moyo haukai. Nikashuka zangu bondeni.

Chumba nilipata kwa mama mmoja mjane. Mwenye nyumba wa kike wanamwita ibu kos. Siku ya kwanza nikagonga kichwa mlangoni, nikajua basi, nyumba za Wajava fupi. Kumbe mlango ulikuwa mrefu kama wa kwetu, sakafu ndiyo iliyopanda. Marehemu mumewe alimwaga kifusi akapiga sakafu mpya. Maji yakaifikia. Kijana wao akapandisha tena, halafu tena. Dirisha ambalo zamani ulisimama ukachungulia mtoni, mimi nililiegemea nikiwa nimekaa mkekani. Swichi ya taa ilikuwa kiunoni kwangu.

Hayo maji wanayaita rob. Kwa sisi watu wa pwani ni bamvua tu, ila bamvua linaloingia sebuleni. Jua linawaka, wingu hakuna, na maji ya chumvi yanapanda polepole kwenye mtaro, yanapita chini ya mlango, yanakuja kuulizia viatu vyako. Kaskazini ya mji ule ni tope la mito, juu yake pamejengwa majengo mazito na chini yake visima virefu vinanyonya maji. Kuna sehemu ardhi inadidimia mpaka sentimita 10 kwa mwaka. Msikiti wa Layur, ule wenye mnara, ulijengwa 1802 na wafanyabiashara wa Hadhramaut, watu wale wale ambao wajukuu zao wapo Lamu na Unguja. Ulikuwa wa ghorofa. Chini kumeshafukiwa, leo unatoka uani unaingia moja kwa moja palipokuwa juu.

Ibu hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa anacheka, "Nikipandisha tena itabidi niswali nimekaa." Haya, karibuni.

BintiKisauni

Kaka, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa kule mwaka mzima nikisoma lugha, na lugha yenyewe ndiyo iliyonitoa jasho. Wiki ya kwanza nimeingia warung, kibanda cha chakula kama cha mama ntilie, nikaomba "kuku". Yule mama akaziangalia kucha zangu. Kumbe kuku kwao ni kucha! Kuku wetu wao wanamwita ayam. Nikamwonyesha kwa kidole, akaniuliza, "Dada atau paha?" Nikafurahi, nikaona lo, huyu kaniita dada. Nikamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, dada." Akaniwekea kidari. Dada ni kidari, paha ni paja. Miezi mitatu mizima nimekula kidari kwa adabu, na paja ndilo nilipendalo!

Lakini siku ukichoka, maneno yanakuokoa. Kabar ni habari, waktu ni wakati, kamus ni kamusi, sabun ni sabuni, Kamis na Jumat huhitaji kuelezwa. Bendera ni bendera, meja ni meza, maana Mreno aliyetusumbua Mombasa na huko alifika.

Na Ramadhani nenda mtaa wa Pekojan. Msikitini wanapika uji wanaouita bubur India, uji wa mchele wenye tui, tangawizi, mdalasini na mchaichai, kwenye sufuria kubwa la shaba, wanagawa bure wakati wa kufuturu. Nililia kidogo, sisemi uongo. Mara ya kwanza kufuturu mbali na mama.

MtuWaTanga

Dada (samahani, kidari), hiyo ya kucha nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂

NahodhaMstaafu

Vijana, mimi sikukaa. Meli yetu ilipakua siku tatu. Karani mmoja wa gatini akanichukua kwa pikipiki mpaka kwao Tambak Lorok, mtaa wa wavuvi nyuma ya bandari. Mashua zimepangana ubavu kwa ubavu, zimepakwa rangi, ungedhani uko Malindi ya Unguja. Njia yao wameinua, kwa hiyo ukitembea unaziona nyumba za zamani kutokea usawa wa madirisha.

Akaniletea samaki anaitwa bandeng. Nikamtazama jicho, nikamtazama mkia, nikasema huyu namjua, huyu mwatiko! Mnaojua mwatiko mnajua taabu yake: nyama tamu, miiba kama sindano za fundi nguo. Wao wanampika kwenye chungu cha mvuke wa nguvu mpaka mwiba unalainika, unamtafuna na mifupa yake. Wanamwita bandeng presto. Nimekula mwatiko tangu utoto, hiyo ndiyo mara ya kwanza nimekula nikiwa naongea.

Mgeni_Njoo

Mimi naleta upande wa pili, maana mmesifia sana. Kichochoroni kwetu palikuwa na kibao: "Tamu wajib lapor 1x24 jam", mgeni lazima aripoti ndani ya saa 24. Sikukitilia maanani. Rafiki yangu akaja kutoka Surabaya, akalala siku mbili. Asubuhi ya tatu Pak RT yuko mlangoni, mpole, anatabasamu, daftari mkononi. Huyo ni sawa na balozi wa nyumba kumi, na mfumo wenyewe waliachiwa na Wajapani walioikalia Java 1942 hadi 1945. Hakunifokea. Ila jioni mtaa mzima ulijua jina la mgeni wangu, anasoma nini, na kwamba hajaoa.

Adhabu yangu ikawa ronda, lindo la usiku, kama sungusungu. Unapewa kipande cha mwanzi unagonga kila saa. Tulikuwa wanne kibandani, kahawa na karanga, wananiuliza kama natoka Papua, kule mashariki ya Indonesia kwenye watu weusi. Nikasema Afrika. Wakafikiri. Mzee mmoja akauliza, "Afrika upande wa bahari?" Nikasema ndiyo. "Basi mnakula wali." Mjadala ukaishia hapo.

Safari_Fupi

Kampung Pelangi je, ule wa nyumba za rangi? Nilienda dakika arobaini. Ni mtaa wa mlimani, kabla ya 2017 hakuna mtalii aliyeujua, wakaupaka rangi zote za duniani. Nilipofika rangi ilishaanza kubabuka. Nikasimama kwenye ngazi napanga picha, bibi mmoja nyuma yangu akakohoa. Ana beseni la nguo mbichi, nimesimama kwenye kamba yake. Nikasogea. Nikaona aibu, nikaweka simu mfukoni, nikashuka kununua soda.

MtuWaTanga

Nimesoma zote, asanteni. Nahodha, umenitamanisha mwatiko saa tano usiku. Mgeni_Njoo, mwanzi wangu wa ronda ninao mpaka leo, nimeutundika jikoni.

Juzi ibu kanitumia picha kwa WhatsApp. Mafundi wamejaa uani, kifusi kipo, saruji ipo, na bati zote ziko chini. Nikamuuliza kulikoni. Amesema sakafu imefika mwisho, mwaka huu wanapandisha paa.