Vigae vya handaki vinapinda na havikutani, nitumie gundi gani? Msaada wa haraka

MjenziWaMahandaki
Wakuu habari zenu. Najenga handaki la karatasi, yaani sakafu na kuta za vyumba vya chini ya ardhi ambamo tunasogeza visanamu vyetu mraba kwa mraba, kwa ajili ya mchezo wetu wa mezani, ule wa kuigiza mashujaa, wachawi na majoka. Vigae ni 24, kila kimoja miraba sita kwa sita. Nimechapa kwenye manila ya gramu 200, nikabandika juu ya kadibodi ya kijivu ya milimita 2 kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha nikakata. Sasa vigae vingine vimevimba katikati kama mgongo wa kobe, na nikivipanga mistari ya sakafu inaachana kuanzia kigae cha pili au cha tatu. Visanamu vinayumba. Jumamosi wachezaji sita wanakuja na sina mpango mwingine.

Swali langu ni moja: gundi gani haipindishi? Na vanishi inapakwa lini? Pia mwenye faili ya kuta zinazoendana na sakafu ya mawe anirushie. Natanguliza shukrani.

MamaGundi
Mwanangu, gundi nyeupe imejaa maji. Nyuzi za karatasi zikinywa maji zinanenepa, karatasi inatanuka, hasa upande unaokatiza mwelekeo wa nyuzi. Inashikwa na gundi ikiwa imetanuka, kisha inakauka, inasinyaa na kuivuta kadibodi.

Kwa eneo pana tumia gundi ya kijiti au ya kupulizia. Nyeupe ibakie kwenye vile vikunjo vya kuunganishia kuta, tena uisambaze kwa ukingo wa kadi ya plastiki mpaka uione kadibodi chini yake. Ukimaliza, kilaze kigae kati ya mbao mbili bapa, weka karatasi isiyoshika gundi juu na chini, kandamiza kwa vitabu vizito usiku kucha. Ukikiacha wazi kikauke chenyewe, kitapinda hata kwa gundi nzuri.

KingoNyeusi
Mimi naona mnasahau kingo. Handaki zuri linaharibiwa na ule weupe wa manila unaochungulia kwenye kila mkato. Chukua kalamu ya rangi ya kijivu iliyokolea, ilaze ubavu, pitisha kwenye ukingo kwa mwendo mmoja bila kukandamiza. Ukikandamiza, wino unapenya kwenye nyuzi na kutokea juu ya picha. Nyeusi tupu usitumie kwenye mawe, inachora mstari kuzunguka kila kigae na macho yote yanakwenda hapo.

Na kuta zako zisizidi inchi moja. Za inchi mbili zinapendeza kwenye picha, lakini aliyekaa upande wa pili wa meza haoni kisanamu chake.

MzeeKanuni
Hilo la "anirushie" limenisikitisha. Faili ya mchoraji inanunuliwa mara moja tu, baada ya hapo unachapa chumba kilekile hata mara hamsini. Hiyo ndiyo nafuu ya karatasi kuliko plastiki. Tukirushiana, wachoraji wataacha kuchora. Wapo wanaotoa seti ndogo bure, tafuta hizo. Pia mtu hajengi vigae 24 kwa mkupuo. Unajenga viwili, unavipanga, unaweka kisanamu juu, ndipo unaendelea.

Rula ya Chuma
Mkuu, kupinda na kutokukutana ni magonjwa mawili tofauti, na gundi inatibu moja tu. Chukua rula, pima miraba sita kwa mfululizo kwenye kila kigae. Mraba mmoja ni inchi moja, milimita 25.4, kwa hiyo sita ni 152.4. Wewe unapata ngapi?

MjenziWaMahandaki
Asante mama, nitatafuta ya kupulizia. Ndugu Rula, vyote vimetoka kwenye faili moja, ukubwa ni uleule. Tatizo langu ni gundi. Je, ya kupulizia inashika kwenye kadibodi ya kijivu?

MamaGundi
Inashika, pulizia pande zote mbili na subiri mpaka inate kidogo kidoleni. Ila haikupi nafasi ya kusogeza karatasi. Bandika kwanza kisha kata, usikate kwanza ndipo ubandike.

Rula ya Chuma
Sijauliza faili, nimeuliza rula inasema nini. Na vimechapwa kwa printa moja?

MjenziWaMahandaki
Sawa. Vigae 14 vina 148. Kumi vina 152 na kitu. Vile 14 nilichapa nyumbani kwa printa ya wino. Wino ukaisha, kumi nikamalizia kwa mchapaji mwenye mashine ya leza. Nyumbani nilichagua ile ya kutosheleza ukurasa ili kingo zisikatwe.

Ila vyote vimeshabandikwa na kukatwa. Milimita nne hakuna atakayeziona, watu wanakuja kucheza, si kupima. Vile vikubwa navipunguza milimita nne upande mmoja wa urefu na upande mmoja wa upana. Viwili nimeshavipunguza.

Rula ya Chuma
Sasa tumefika. Faili yako imepangwa kwa karatasi ya Letter ya Marekani, upana milimita 215.9. A4 ina 210. Ukimwambia printa atosheleze ukurasa, anapunguza kila kitu hadi asilimia 97 hivi, na 152.4 inakuwa 148. Mchapaji alichapa kwa asilimia 100. Huna seti moja, una seti mbili.

Milimita nne zingekuwa kidogo kama zisingejumlishwa. Panga vikubwa vinne sambamba na vidogo vinne: tofauti inazidi 17, zaidi ya nusu ya mraba. Hapo mchezaji anauliza adui yuko mraba upi, na mwendesha mchezo hana jibu.

Kupunguza upande mmoja ni kubaya zaidi. Mraba wa mwisho unabaki na milimita 21, kisanamu cha kitako cha 25 kinamwagika kwa jirani. Kama ni lazima ukate, ondoa 2.2 kila upande, pande zote nne. Kila mraba wa pembeni utabaki na 23.2, na mistari itakosana kwa milimita moja na nusu tu, tena karibu na kingo. Katikati itakutana barabara. Ila mimi ningechapa upya hivyo kumi kwa asilimia 97. Ni kurasa kumi.

PembeNne
Au usikate chochote. Vile 14 viwe ghorofa ya juu, kumi viwe ya chini, na katikati weka kigae cha ngazi. Seti mbili zisipogusana, hakuna mstari wa kulinganisha. Hata rangi ya leza haitafanana na ya wino wa nyumbani, na ukifanya ghorofa tofauti, ule utofauti unakuwa na sababu.

Shahidi
Wakuu, hii ni chai. Someni post ya kwanza tena. Amebandika manila upande wa juu peke yake, kwa gundi ya maji. MamaGundi ameeleza vizuri: karatasi inasinyaa na kuvuta. Ikivuta upande wa juu, pembe ndizo zinazonyanyuka na katikati kunazama. Huyu anasema katikati kumevimba. Hakuna kigae kinachopinda hivyo. Mtu katunga tatizo ili tujaze kurasa.

KingoNyeusi
Duh. Kweli pembe zilitakiwa kupanda.

MzeeKanuni
Kama ni uongo, si vizuri. Watu wanatoa maarifa yao kwa moyo.

MjenziWaMahandaki
Si chai jamani. Pembe zilipanda kweli mwanzoni. Nikasoma mahali kwamba dawa ni kubandika karatasi chini, nikabandika karatasi nyeupe ya kawaida ya printa, ile ya gramu 80, kwa gundi ileile. Asubuhi nikakuta vimegeukia upande wa pili. Sikuandika kwa sababu nilijua mtaniambia nisingebandika.

MamaGundi
Basi maelezo yanakamilika, na Shahidi alikuwa na haki ya kuuliza. Wazo la karatasi ya chini ni sahihi, lililokosewa ni uwiano. Karatasi ya gramu 80 inalowa yote kwa haraka, inatanuka kuliko manila, na ikisinyaa inavuta kwa nguvu. Manila ya juu ilikuwa imeshakauka siku nyingi, haivuti tena. Ya chini inatakiwa iwe ya uzito uleule, nyuzi zielekee kulekule, na zibandikwe zote kwa mkao mmoja, juu na chini, kisha zikauke pamoja chini ya uzito. Kujua mwelekeo wa nyuzi, kunja karatasi polepole bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Pale inapokubali bila ubishi, mkunjo wako unafuata nyuzi.

Sasa usiongeze maji tena. Geuza kigae, chukua wembe mpya, chana karatasi ya chini tu, mistari sambamba kila sentimita 2, usiingie kwenye kadibodi. Chana kwa kukatiza upande ambao kigae kimepinda, kisha zungusha kigae na uchane upande wa pili pia. Mvuto unakatika. Kandamiza kati ya mbao usiku kucha. Kikibaki na kiburi kidogo, kishike mezani kwa gundi ya utepe yenye pande mbili.

Shahidi
Nimeelewa, nafuta neno chai. Ila picha uweke.

MjenziWaMahandaki
Nitaweka. Nimeamua hivi: vikubwa vinane vilivyobaki nakata 2.2 pande zote nne, sichapi upya, na siwezi kuvitenga ghorofa kwa sababu ukumbi mkuu unahitaji vigae 16. Vile viwili nilivyokata upande mmoja sijui nivitupe? Na vanishi nina ya brashi.

Rula ya Chuma
Usivitupe. Viweke kwenye pembe za ukumbi, ile safu ya milimita 21 ielekee nje, na juu yake simamisha ukuta au bandika kifusi cha vipande vya kadibodi. Hakuna kisanamu kitakachosimama hapo.

Ukataji wa kadibodi ya milimita 2 usiuharakishe. Rula ya chuma, wembe mpya, kata kutoka upande wa picha. Pita ya kwanza nyepesi, ikate manila tu. Zinazofuata ziwe tano au sita, wembe wima. Ukiulaza, ukingo unatoka mshazari na vigae vinaacha mwanya chini. Wembe ukianza kuvuta nyuzi za kijivu, vunja ncha kama ni ule wa kuvunjwa vipande, au weka mwingine.

KingoNyeusi
Ukikata upya, kingo zote zipake rangi upya. Na vanishi ya brashi iache kabisa kwa vile 14. Wino wa printa nyingi za nyumbani unayeyuka kwa maji, mawe yako yatakuwa matope. Tumia ya kupulizia isiyong'aa, mahali penye hewa, umbali wa sentimita 25 hadi 30, matabaka mawili au matatu mepesi, kila moja likauke kwanza. Jaribu kwenye kipande kilichobaki. Vile vya leza havitoki rangi, lakini kama utachapa kuta kwa leza, rangi itapasuka kwenye mikunjo kwa sababu imelala juu ya karatasi kama ngozi. Chora mkunjo kwa kalamu iliyoisha wino kabla ya kukunja, kisha pitisha kalamu ya kijivu juu yake.

MjenziWaMahandaki
Kuta bado sijachapa. Nimepata seti ya bure. Nizichape asilimia 100?

Rula ya Chuma
Hapana, sakafu yako sasa ni ya 148. Ukuta wa miraba sita ukichapwa kwa 100 utatokeza milimita nne nje ya kigae. Ila kwanza angalia seti hiyo imepangwa kwa ukubwa gani wa ukurasa, usikisie kama safari ile. Zima kutosheleza ukurasa, andika 97 mwenyewe, chapa ukurasa mmoja tu. Pima ukuta wa miraba sita: ukisoma 148, endelea na kurasa zilizobaki. Ukisoma 143 au 144, mashine imepunguza tena kwa siri, rudi kwenye mipangilio kabla ya kugusa wembe.