Tupeane uzoefu: Krismasi iliyowakuta mmeishiwa kabisa, mliinukaje?

Wapendwa, Desemba hii wengi tunabanwa, nauli juu, Januari nayo inatungoja na mahitaji ya shule. Tusimuliane Krismasi iliyotukuta chini. Naanza mimi.

Mume wangu ni mpagazi Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2020 korona ikakata wageni. Anga ilifunguliwa tena Mei, lakini waliokuja walikuwa wa kuhesabu na wapagazi ni wengi. Tukauza tivii, tukauza kitanda cha watoto. Kufika Desemba tunadaiwa kodi ya chumba Arusha, na baba watoto ameacha kabisa kuongea.

Kilichomtesa zaidi ni kwenda kwao Rombo mikono mitupu. Mchaga asipoonekana nyumbani Krismasi, watu wanauliza. Isitoshe, yeye na kaka yake walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba.

Kikoba chetu cha kuweka akiba kikavunjwa, tukagawana. Nilipokatwa mkopo, kilichobaki kilitosha nauli, mchele, sukari na mafuta ya kupima. Nikamwambia, tunakwenda hivyo hivyo.

Mkesha wa Krismasi shemeji akaingia uani na jani la sale mkononi. Kwetu Wachaga jani hilo ni la kuombea msamaha, na ukiletewa sale hukatai. Mume wangu alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka mbele ya wanawe. Sikuwahi kumwona akilia. Kesho yake, baada ya ibada, baba mkwe akawachukua wote wawili migombani, akamwonyesha mume wangu sehemu ya kulima. Arusha nilirudi kufuata vyombo tu. Wageni waliporejea naye alirejea mlimani, ila shamba hatujaliacha mpaka leo.

Mchangiaji, Nairobi:
Hongera dada. Sisi ilikuwa 2022, unga wa mahindi kilo mbili umepita shilingi 200, na mimi nimeachishwa kazi. Watoto wanauliza chapati, maana hapa Krismasi bila chapati si Krismasi. Mama mmoja wa ploti akasema kila nyumba ilete ilicho nacho: huyu unga, huyu mafuta, mimi nilikuwa na makaa tu. Tulipika kwa jiko moja hadi usiku. Hapo hapo jirani akaniambia kuna mjengo wanatafuta watu. Jumatatu nilikuwa huko.

Mchangiaji, Mbeya:
Mimi bado sijainuka. Niko humo sasa hivi, nawasoma tu.

Mwanzisha mada:
Pole sana kaka. Umeshaongea na mwenye nyumba? Mfuate wewe kabla hajaja kugonga, wengi wanakubali kupokea kidogo kidogo. Jumuiya unayosali nayo inajua? Mwambie hata mwenyekiti peke yake. Watoto kama wako shule ya serikali, ada haipo. Ikiwa ni sare na madaftari, nenda kwa mwalimu mkuu mapema, usiwazuie nyumbani. Tuandikie una watoto wangapi na wako darasa la ngapi. Wangu wamekua, sare zao ninazo kabatini.